Trampolini Yetu Iliyo Nyuma ya Mlango Uliopakwa Rangi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, viongozi wa kambi, wachungaji wetu, wazazi wenzetu, nanyi watoto mlioketi chini kwa sababu viti vimekwisha:

Kwi. Kwi. Kwi-kwi.

Hiyo ni sauti ya springi za kitanda. Kila siku kabla hakujapambazuka, nyumba ikiwa bado giza, mwenzetu mama Godelive huisikia ikitoka upande wa pili wa pazia. Anainuka, anapapasa ukuta, anamkuta binti yake Bora, mwenye miaka kumi na mmoja, amesimama juu ya kitanda anaruka.

"Bora, lala!"

"Mama, nilikuwa nahesabu tu."

"Unahesabia miguu?"

Mama akishajifunika tena: kwi.

Tumeona tuanze na kitanda hicho, mgeni rasmi, ili usije ukadhani tumekuita kuangalia ngoma.

KARIBU

Karibu Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi. Zikomo, asante kwa kuja, maana barua ya kukualika tuliiandika mwezi wa tano, na leo ni tarehe ishirini mwezi wa tisa. Tunamshukuru pia ndugu Christian anayekutafsiria kwa Kichewa. Christian, tulikusihi jana na tunakusihi tena mbele ya watu: tafsiri yote, usipunguze chumvi.

TULIKOANZIA

Watoto wetu walianza kupiga sarakasi juu ya magurudumu ya lori na magunia tuliyojaza maganda ya mahindi. Hakuna aliyewafundisha. Mwaka jana akaja Lucien, mzaliwa wa Bukavu, aliyekaa hapa hapa kambini mpaka miaka kumi, kisha familia yake ikapelekwa nchi ya theluji. Huko amekuwa kocha wa skii. Mgeni rasmi, sisi pia hatukujua skii ni nini. Vijana wanafunga mbao mbili ndefu miguuni, wanateleza mlimani juu ya theluji, wanafika kwenye tuta, tuta linawarusha hewani, wanapinduka mara mbili, mara tatu, halafu wanatua kwa miguu na kuendelea kuteleza kama hakuna lililotokea. Alipotuonyesha video kwenye simu, mama mmoja aliuliza, "Aba batoto iko na bazazi kweli?"

Lucien akacheka. Akatueleza kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale aliyejifunza kupinduka kwenye theluji, kwa sababu pale ukikosea mara moja ni shingo. Wanajifunza kwanza kwenye trampolini, yaani kile kitambaa kigumu kilichovutwa na springi pande zote, mara mamia kwa mamia, mpaka mwili wenyewe ujue juu ni wapi na chini ni wapi. Theluji inakuja mwisho.

Kisha akamwangalia Bora akiruka kutoka kwenye magurudumu. Akamwomba arudie. Akarudia. Lucien akamwambia mama yake, "Mama Godelive, huyu anajua chini iko wapi hata kichwa chake kikiwa chini. Hicho njo kitu nalipwa kufundisha, na wengine hawakipati miaka miwili."

Mwezi wa kumi na moja trampolini aliyotutumia ikafika kwa lori, pamoja na magodoro yake ya pembeni.

TULICHOKIFANYA

Tuliifanyia kazi miezi mitano. Fundi cherehani wetu Faustin alishona mikanda ya kumshikilia anayejifunza, akashona na kamba za kufungia mbao fupi miguuni, zilizofunikwa sponji, ili watoto wazoee kuruka wakiwa na kitu kilichozidi urefu wa mguu. Akina mama tuliwekeana zamu, wanne kila siku, mmoja kila upande, mikono juu. Tuliimba ili tusisinzie. Watoto walikuwa thelathini na wanne, na katika miezi hiyo mitano hakuvunjika mtu. Mmoja alivimba mdomo, lakini huyo aligombana nje.

Mwezi wa tatu Bora alipinduka mara mbili, mbao zikiwa miguuni, akatua wima. Mama Godelive alikuwa zamu upande wa kaskazini. Alisahau kushusha mikono. Akabaki amesimama vile, mikono juu, mpaka mtoto akaja kumvuta nguo.

Lucien alipoona video tuliyomtumia, kituo chake cha skii kikakubali kumpa Bora nafasi moja ya mafunzo ya miezi mitatu. Sharti ni moja: video nyingine inayoonyesha mizunguko miwili, kutua kwa miguu yote, mara kumi mfululizo. Mwisho wa kuipokea ni tarehe thelathini mwezi huu.

Zimebaki siku kumi, mgeni rasmi.

KINACHOTUCHOSHA

Mwezi wa nne tuliambiwa kila kifaa cha michezo kiandikishwe. Tukaletewa fomu. Fomu iliuliza: Mchezo gani? Kama tungeandika sarakasi, leo tusingekuwa hapa. Lakini sisi ni watu wa kanisa, tuliona aibu kuidanganya fomu. Tukakaa, tukaomba, tukaandika ukweli kamili, kwa mwandiko mzuri: mazoezi ya skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji.

Fomu ikarudi na alama ya kuuliza. Mama Godelive akaomba kibali cha kutoka kambini, akapanda minibasi mpaka Lilongwe, akashukia Old Town, akatembea akiuliza njia.

Ofisi ya kwanza walimwambia, "Mama, Malawi haina theluji."

"Ndiyo, bwana, ndiyo maana tunaruka bila theluji."

"Basi mchezo huo haupo."

"Upo, bwana. Mwanangu anaucheza."

Ofisi ya pili walisema theluji ni mambo ya hali ya hewa. Akaenda kwa watu wa hali ya hewa. Hao, tunawashukuru, walimpa kiti na maji, wakamweleza kwa heshima kwamba mwaka huu mvua zitachelewa. Alilala mtaa wa Kawale kwa dada wa kanisa, akarudi kesho yake na fomu ile ile, ila sasa ilikuwa na alama tatu za kuuliza.

Alipofika, trampolini ilikuwa imeshafungiwa kwenye stoo ya kambi. Mlangoni palikuwa na karatasi: kwa usalama wa watoto, mpaka mchezo utambulike.

Usalama, mgeni rasmi! Tangu siku hiyo watoto wanaruka kutoka kwenye ukuta wa tofali ambao haujamalizika, wanaangukia mchanga. Tunawafukuza asubuhi, wanarudi mchana. Mwezi wa nane mmoja wao, Gabriella, alivunjika mkono. Trampolini, miezi mitano, hakuvunjika mtu. Usalama, miezi mitano, mkono mmoja.

Halafu, kwa ajili ya ujio wako, stoo ikapakwa rangi. Ukigeuka utaona. Mlangoni wamechora mtoto anaruka, miguu juu, anacheka. Wamemchora vizuri. Trampolini iko nyuma yake.

TUNACHOOMBA

Tulikuwa na maombi saba. Tumeyafuta sita.

Wiki iliyopita, fundi rangi alipobandua karatasi ile ili apake mlango, tuliona muhuri uliokuwa umefichwa na utepe wa gundi. Tuliusoma mara tatu, tukapokezana. Mgeni rasmi, muhuri huo ni wa ofisi yako. Christian, usiruke hapo.

Hatusemi ulikusudia. Pengine karatasi hiyo ilipita mezani kwako katikati ya nyingine arobaini. Lakini tumezunguka ofisi za Lilongwe tukimtafuta mtu aliyetufungia, na leo tumemkaribisha, tumempa kiti chenye mto.

Ufunguo anao mzee Ezechiel, mlinzi wa stoo, yule aliyesimama pale na koti. Tumembembeleza miezi yote hii. Anatujibu, "Bamama, mi nafungua mlango tu. Sifungui karatasi." Ni mtu mwaminifu, hatumlaumu. Anasubiri sahihi yako.

Fomu mpya iko mezani, karibu na soda yako, na kalamu yake. Pale panapouliza mchezo gani, tulibishana sana. Mwisho tumeandika: kuruka na kutua. Kama hilo nalo halipo Malawi, tafadhali utuambie leo, tukiwa wote, tusipande tena minibasi.

Mungu akurudishe Lilongwe salama. Nyumba yako isikose nsima mezani wala kicheko, watoto wako watue kwa miguu popote watakaporushwa na maisha, na mkono wako upate nguvu ya kutenda mema hata siku yenye karatasi nyingi.

Ni sisi, wazazi na watoto wa Kikundi cha Ruka Tua, Dzaleka.

Mgeni rasmi, usisimame bado. Bora ameomba kusema, na mama yake amemruhusu. Bora, njoo mbele, sema kwa sauti.

"Papa Mkurugenzi, utufungulie sasa, niruke unione."