Mti wa Kumzikia Jalong Ngau

Wazee wetu, ndugu waombolezaji, nanyi jirani mliokuja kwa mashua kutoka Long Seluyan, mimi Ubung, binti mkubwa wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu, na naomba mnivumilie nikisita, kwa maana yamo mambo yanayotuinamisha uso.

Marehemu Jalong Ngau alizaliwa tarehe 3 Juni 1941 katika nyumba hii ndefu ya Long Temalan, akasoma shule ya misheni huko Marudi kuanzia 1950 hadi 1956, akaacha masomo akashika shoka, na mwaka 1972 akafungua kampuni ya magogo, akawa mtu wa kwanza wa mto huu kumiliki matingatinga. Tarehe 10 Aprili 1965 alimwoa mama yetu, Usun Bilong, wakajaliwa watoto watatu, na nyumbani alikuwa mcheshi, fundi wa kuchoma nguruwe mwitu, hatukumsikia hata siku moja akimfokea mama.

Desemba 1983 alichaguliwa kuingia Bunge la Jimbo, Kuching, akakaa vipindi vitatu, akatuletea zahanati na jenereta, na hayo tunayashukuru. Lakini mwaka 1992 aliingiza matingatinga katika tana ulen yetu, msitu ambao mababu waliutenga kwa ajili ya mitumbwi na majeneza, akisema miti itaota tena. Watu wa Long Seluyan walipoketi barabarani ili msitu wao usiguswe, yeye ndiye aliyeita polisi, akawaita washamba mbele ya Bunge zima, na akina mama waliolala rumande kwa neno lake wameketi nasi hapa leo. Tunaona aibu, wala hatuna la kumtetea.

Mwaka 2009 alianza kuugua mapafu, akalazwa Miri, akafariki alfajiri ya tarehe 14 Machi 2011, akiwa ameomba azikwe ndani ya lungun, jeneza la gogo moja kama la baba yake, wala si sanduku la dukani. Tuliuzunguka msitu wetu wote, hatukupata hata mti mmoja wa kumtosha.

Hivyo tukaenda kupiga hodi Long Seluyan. Mama Ulau Lahang, mmoja wa wale waliolala rumande, alitutazama akasema, "Kumbe Mheshimiwa kakosa mti? Haya, njooni. Ila mtakata kwa shoka, nyie, msumeno wenu sitaki kuusikia humu." Akatuonyesha mti mmoja ulionyooka, nasi tukaukata, na jana tu ndipo wanawe walipotuambia kwamba ule alikuwa amejiwekea mwenyewe kwa jeneza lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Miri, wabunge wenzake waliotuma rambirambi, na majirani wote mliochonga gogo hili usiku na mchana. Mama Ulau, kwako familia inainamisha kichwa.

Baba, pumzika kwa amani, umelala katika mti wa Mama Ulau.