Mzee Misheck Njue na Jibu la Swali la Saba

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa wa karibu na wa mbali, na ninyi majirani mlioacha kutayarisha mashamba yenu kabla ya mvua, familia ya Mzee Misheck Njue inawasalimu. Kazi ya kuandika na kusoma historia hii imepewa mkaza mwana wake, Ntinyari, mke wa Gedion, si kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba hii, maana aliishia darasa la nane, bali kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na humu ndani Ntinyari anajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, ili aweze kufika mwisho bila sauti kumkatika.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1936 karibu na soko la Karurumo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyamu, tarehe haikuandikwa popote, ila mama yake alizoea kusema kwamba alimzaa wakati watu walipokuwa mashambani wakifukuza ndege kwenye mtama, naye akabatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 1946, akapewa jina la Misheck.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1945 hadi 1951, akafika darasa la sita, akaacha baba yake alipofariki, lakini hesabu alizozipata huko zilimtosha maisha yake yote. Mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, alichukuliwa pamoja na vijana wenzake kuchimba mtaro wa kuzunguka kijiji, na huko kila aliyemaliza kipande chake kabla ya jua kutua alitupiwa sigara moja na askari, naye Misheck alikuwa mchimbaji hodari. Ndivyo alivyoanza kuvuta, akiwa na miaka kumi na tisa, na jambo hili halijawahi kusemwa mbele ya watu mpaka leo.

Mwaka wa 1958 aliajiriwa katika kiwanda cha kahawa kuwa karani wa mizani, akaifanya kazi hiyo hadi tarehe 31 Desemba 1991. Akina mama wengi walioketi hapa wanakumbuka kwamba mvua ikinyesha aliwaita mbele wote waliobeba watoto mgongoni, na wanaume wakinung'unika, "Njue, hii mizani siku hizi ni ya wanawake?" aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, "Ni ya kahawa, na kahawa ya huyu imelowa, ngoja zamu yako."

Jumamosi tarehe 20 Agosti 1960 alifunga ndoa kanisani na Alice Ciku, ambaye leo ni mjane wake, wakabarikiwa watoto wanne, Gedion Nyamu, Tabby, na mapacha Oscar na Linda. Mwaka wa 1963 aliokoka, akatupa tumbaku yake chooni mbele ya mashahidi, akakaa miezi minane bila kuvuta, kisha akarudia kwa siri, na siri hiyo akaingia nayo kwenye uzee wa kanisa mwaka wa 1974. Alivutia nyuma ya banda la mbuzi, akimaliza alitafuna majani ya mpera, na sisi sote wa nyumbani tulijua, na sisi sote tulikuwa hatujui. Mwaka wa 1989 aliongoza kamati iliyomtoa Kiogora kwenye kwaya kwa kukutwa na sigara mfukoni mwa koti, na Mama Alice anasema kwamba jioni hiyo mumewe alikataa chakula.

Ntinyari aliletwa katika boma hili mwezi wa Aprili 1992 kutoka Nchiru, huko Meru, ambako Gedion alikuwa fundi wa kujenga madarasa. Siku ya kwanza alipowasalimu watu kwa Kimeru wasichana walicheka, lakini Mzee alimwitikia kwa Kimeru hichohicho, akikosea maneno, mpaka kicheko kikahamia kwake. Ciku mdogo, binti wa Ntinyari, alipozaliwa mwaka wa 1993, mkunga alipokuwa bado anafua nguo, Mzee alimletea mkaza mwana wake kuni kwa bega lake mwenyewe, na kwa kuwa baba mkwe haingii nyumbani kwa mke wa mwanawe, alizitua nje, akakohoa mara mbili ili ijulikane kuna kitu mlangoni, akaenda zake. Aliendelea hivyo wiki sita. Ntinyari naye alijifunza kumrudishia heshima hiyo, kila alipopeleka majani kwa mbuzi alikohoa mara mbili kabla ya kulifikia banda, ili Mzee apate nafasi ya kuzima sigara na kusimama kama mtu aliyekuja kuangalia paa.

Mwezi wa Machi 1995 ulifika utafiti wa mapafu ulioongozwa na Daktari Karwirwa. Waliohitajika ni wanaume wavutaji waliozidi miaka hamsini, na majina yao yangegawanywa kwa kura ya bahasha zilizofungwa, nusu wapigwe picha ya kifua kila mwaka hata kama hawaumwi, nusu waendelee kutibiwa kama kawaida, ili baada ya miaka ijulikane kama saratani ikionekana mapema kwenye picha mtu huishi zaidi. Ntinyari na Beth, msichana wa Kiritiri, walikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kuzunguka na fomu za maswali, wakaonywa kwamba hakuna mtu wa kuandika nyumba yake. Boma hili lilipangiwa Beth. Ntinyari alimwomba amwachie, akisema, "Baba mkwe wangu ana haya, usije ukamuumbua bure," na Beth, kwa wema, akamwachia, kwa hiyo yeye asilaumiwe na yeyote.

Jumatano tarehe 15 Machi, saa nne asubuhi, Ntinyari alikaa na Mzee chini ya ukuta wa jikoni, akamuuliza umri, kazi, na kama ana kikohozi, akafika swali la saba, lililouliza kama mtu anavuta sigara au aliwahi kuvuta. Aliinua macho akaona Mzee anatazama vidole vyake vilivyogeuka rangi, akashindwa kulisoma swali lile, akaandika Hapana kwa mkono wake, akasema, "Hilo nimeshajaza, Baba." Mzee akajibu, "Asante, Mama Ciku." Kwa hilo jina lake halikuingia kwenye bahasha yoyote.

Kikohozi kilianza Agosti 1997, na mwanzoni Ntinyari alipokisikia kutoka bandani alidhani ni ile ishara yao ya heshima. Mzee alitibiwa kama mgonjwa wa kifua kikuu kwa miezi mitano, mvua kubwa za mwisho wa mwaka huo zikavunja madaraja, na alipopigwa picha mwezi wa Januari 1998 pafu la kulia lilikuwa na uvimbe kama limau. Siku ya kumpeleka hospitalini, gari lilikwama kwenye matope, na aliyembeba Mzee mgongoni mpaka barabara ya lami ni Kiogora, yuleyule aliyetolewa kwenye kwaya, na njiani Mzee alimwambia jambo sikioni, Kiogora akajibu kwa sauti, "Mzee, pumua tu, hayo tutayaongea ukipona."

Alhamisi tarehe 5 Februari Daktari Karwirwa alikuja kitandani kwake, kwa sababu alikuwa na utafiti mwingine wa dawa mpya ya saratani ya mapafu, akaitoa ile fomu ya zamani na kusema, "Mzee, hapa imeandikwa hujawahi kuvuta hata siku moja, ni kweli?" Mzee alimtazama Ntinyari aliyekuwa ameshika chupa ya uji, akasema, "Kama karatasi inasema, mimi nitabishana nayo?" Ntinyari alikuwa na nafasi ya kusema hapo, akamimina uji. Daktari akaandika kwa mshangao, na Ntinyari akarudi nyumbani na uongo huo mara ya pili, akakaa nao siku saba, hata maziwa ya kumnyonyesha mtoto wa pili yakapungua.

Alhamisi iliyofuata alimngoja daktari kwenye benchi la nje, akamwambia yote. Daktari hakumfokea, na kutofokewa kulimuuma zaidi, aliketi kando yake akauliza, "Mama Ciku, umeniandikia wangapi namna hiyo?" Ntinyari alisema watatu, Mzee na wengine wawili waliokunja ngumi kuficha sigara walipomwona akija. Daktari akamweleza kwamba hata angeandika ukweli, kura ingeweza kumweka Mzee upande usiopigwa picha, na hata upande wa picha hakuna anayejua bado kama inaokoa, "ndiyo maana tulikuwa tunauliza," kisha akasema, "lakini nilikutuma uwaulize, wewe ukawajibia." Maneno hayo Ntinyari anayasikia akisonga ugali, anayasikia akisuka nywele za Ciku. Wale wazee wawili aliwafuata mmoja mmoja nyumbani kwao, wakakubali fomu zao zisahihishwe, wapo hapa leo, na hatawataja.

Ntinyari aliporudi kando ya kitanda siku hiyo ya benchi, Mzee alijua kwa kumtazama uso. Alisema, "Nilikuona siku ile ukiandika kabla ya kuniuliza. Mdomo nilikuwa nao, ningeweza kusema andika ndiyo, nikasema asante." Kisha akamwambia daktari ampe Ntinyari fomu mpya, akasema, "Sasa niulize kama unavyomuuliza mtu usiyemjua." Mama Alice alikuwa amekaa miguuni pake. Ntinyari akasoma swali la saba kwa sauti, Mzee akajibu, "Ndiyo." Tangu lini? "Tangu mtaro, mwaka wa hamsini na tano." Ngapi kwa siku? "Sita. Siku ya kamati ya kanisa, kumi." Mama Alice akapiga makofi akasema, "Sita? Na mimi miaka yote hii nilihesabu nane!" wakacheka wote wawili mpaka Mzee akashikwa na kikohozi, daktari akageukia dirishani. Hapo ndipo Mzee alipoagiza kwamba jibu hilo lisomwe siku atakapozikwa, na mkono ulioandika la kwanza ndio uandike la pili, na alipoambiwa kwamba kanisa litashtuka, alisema, "Litashtuka nikiwa nimelala, halitanichosha."

Alianza dawa ya majaribio mwezi wa Machi, kwa kura vilevile, na daktari alimweleza mapema kwamba hawezi kumwahidi kupona. Alipokea dripu mara nne, alitapika, nywele zikamtoka, na mwezi wa Julai picha ilionyesha uvimbe haukupungua, lakini hakuacha kuhudhuria, akisema kwamba safari hii waandike mambo yake sawasawa. Mwezi wa Agosti Kiogora alirudishwa kwenye kwaya baada ya Mzee kutuma barua kwa kamati, na barua hiyo mchungaji anayo. Mzee alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 9 Septemba 1998, saa tatu asubuhi, mkewe akimshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Familia inamshukuru Daktari Karwirwa aliyefika hapa leo ingawa alikuwa na haki ya kutukasirikia, wauguzi waliokuwa wakimgeuza kitandani kwa upole na kumwita Karani kwa kuwa aliwasaidia kujumlisha, Beth aliyelala na watoto wa Ntinyari siku za hospitali bila kuuliza lolote, wafanyakazi wa kiwanda waliokuja na ile mizani ya zamani kuiweka kando ya jeneza, jirani aliyeleta maziwa kila asubuhi akayaacha kwenye ua ili asitusumbue, na Kiogora, ambaye mgongo wake hatujui tuulipe nini. Ntinyari kwa upande wake anawaomba msamaha, Mama Alice kwanza, kisha Gedion na ndugu zake, maana hakuna anayeweza kusema kama Mzee angeishi zaidi, na kutoweza kujua huko ni yeye aliyewaletea.

Swali la saba, basi, mbele ya watu wote: Mzee Misheck Njue, mzee wa kanisa, alivuta sigara miaka arobaini na mitatu, ukitoa miezi minane. Imeandikwa, na imesomwa.

Baba, pumzika kwa amani ya Mungu, huna cha kuzima tena. Kesho Ntinyari atapeleka majani kwa mbuzi, naye atapita bila kukohoa.