Mama Tena na Karatasi ya Makosa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwalimu mwenzetu wa jiografia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Wanafunzi humwita Mama Tena, kwa kuwa jambo likiharibika mbele ya darasa yeye hucheka na kusema, “Haya, tena!”

Alianza na chaki na ramani ya kitambaa iliyotoboka katikati ya bahari. Projekta zilipoletwa miaka minne iliyopita, alikuwa wa kwanza kuzigusa na wa kwanza kuaibika. Siku ya kwanza alihangaika dakika kumi nzima, kumbe kifuniko cha lenzi hakijatolewa. Siku ya pili ramani ilitokea kichwa chini miguu juu. Badala ya kuona haya, alibandika karatasi ukutani ili wanafunzi waandike makosa yake. Mmoja aliandika: “Leo Mwalimu kafuta somo lote. Kaiambia mashine pole.” Baada ya muda wakaanza kuandika na ya kwao, na wale wasionyanyua mkono wakanyanyua. Mwaka huo hakuna somo lililofaulisha kama jiografia.

Marehemu mume wangu, aliyefundisha hesabu chumba cha pili, aliiogopa ile mashine kuliko nyoka. Mama Tena alimwita stoo kila mapumziko, wakakosea pamoja mlango umefungwa, nasi nje tunasikia: “Shemeji, hiyo si pasi, usiikandamize!” Alifundisha kwayo vipindi sita kabla hajafariki. Vyote sita alinisimulia nyumbani.

Sasa niseme linalonichoma. Mkaguzi alipokuja, aliisoma ile karatasi, akaandika kwenye faili la Mama Tena: “Hamudu vifaa vya kisasa.” Mama Tena akanyang’anywa kazi ya kuwaelekeza walimu wapya. Sisi wengine tulisifiwa. Kwa lipi? Mashine zetu zilikuwa kabatini zinakula vumbi, ila daftari la vifaa lilionyesha kwamba tunazitumia kila siku. Aliyekosea hadharani akaadhibiwa. Tuliodanganya kwa mwandiko mzuri tukapigiwa makofi. Nami nilinyamaza. Mara mbili ameomba sentensi ile ifutwe, mara mbili ameambiwa asubiri. Asubiri nini? Faili linafungwa Ijumaa saa kumi. Hatuwezi kumkatia mtu keki ukumbini huku ofisini tumemwekea tusi.

Kwa hiyo Jumatatu nilimpelekea mwalimu mkuu barua ya kuomba sentensi ile ifutwe. Nimeorodhesha siku arobaini na mbili nilizotia sahihi kwamba nimetumia projekta, na sikuitumia. Kufikia saa ya chai, walimu tisa walikuwa wameongeza siku zao. Mwalimu mkuu, nafasi ya sahihi yako tumeiacha pale chini.

Mama Tena, asante kwa yote, na utuwie radhi kwa kuchelewa. Kapumzike kwa raha na afya njema, na huko uendako ukosee upendavyo.