Mwalimu Phelista Nangila na Sange wa Arabuko

Mwalimu Phelista Nangila alizaliwa Kabuchai, Bungoma, tarehe 14 Machi 1968, kitinda mimba wa Mzee Matthew Wekoye na Mama Nakhungu. Alisoma shule ya msingi kwao Kabuchai, akamalizia sekondari Chwele, kisha akahitimu ualimu mwaka 1990. Mwaka 1992 alifunga ndoa Malakisi na Levi Wabwile, afisa wa kilimo mjini Kitale.

Mwaka 1996 alihamishiwa Gede, Pwani, katika shule iliyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Alisema angekaa mwaka mmoja, akakaa ishirini. Alinunua kamera kuukuu, na kila Jumamosi alilala kifudifudi msituni akingoja ndege wa kupiga picha, hata wanafunzi wakamwita Mwalimu Kenge. Jina hilo alilipenda.

Mwaka 2011 alimpata sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, anayejenga kiota chini kwa majani makavu. Majani yalimziba. Mwalimu akayafagia. Picha ikatoka safi, ikatiwa kwenye kalenda, ikamletea sifa. Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya kufagia, aliporudi kupiga nyingine, kipanga alishuka pale peupe akambeba sange mbele ya macho yake. Kwa wiki kadhaa mwenzi wa mnyama huyo alikuwa akipita hapo, ananusanusa, anaondoka. Mwalimu hakumwambia mtu.

Alilisema jambo hilo Kitale mwaka 2016, aliporudi nyumbani kwa mumewe na kanisa likamwandalia maonyesho. Watu waliisifu ile picha, naye akawanyamazisha.

“Msinipigie makofi kwa hii,” alisema. “Nilimfagilia majani akakosa pa kujificha.”

Levi alimfariji kwamba alikuwa kazini tu.

“Kazi gani, Baba Mukhisa, ya kumbomolea mtu nyumba ndiyo umpige picha?”

Tangu hapo hakuiuza tena picha hiyo. Waliokuja kujifunza kamera kwake hawakuruhusiwa kusogeza hata jani.

Saratani ya ini iligunduliwa Februari 2024. Aliugua kwa uvumilivu, ila wiki ya mwisho alimuuliza Levi kama anadhani yule sange alikuwa na watoto. Levi alimshika mkono. Mwalimu alituacha hospitalini Kitale, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, alfajiri.

Ameacha mume, Levi, watoto, Mukhisa na Nakhungu, wajukuu watatu, na wanafunzi wengi, huku na Pwani. Bwana ampe Mwalimu wetu pumziko lenye utulivu.