Kidole Gumba cha Marisela

Mchungaji, wafiwa, nanyi mliosafiri kutoka Louisville na Columbus kwa mvua hii, mimi Polycarpe, shemeji wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya mama yetu Marisela Ochoa Byamungu, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo kaka yangu alitaka niyaruke.

Marisela alizaliwa tarehe 12 Machi 1969 huko San Marcos, Guatemala, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1981, akafika Louisville mwaka 2003, akaajiriwa kufua mashuka ya hoteli, na tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na kaka yangu Eliezer, mtu wa Bukavu aliyefiwa na mke katika kambi ya wakimbizi na kubaki na binti mmoja, Séphora, wa miaka kumi na mmoja. Marisela hakumzaa Séphora, ila alimlea hivi kwamba wageni hawakuwahi kujua kuwa si wa kumzaa.

Mwaka 2012 walihamia Columbus, na huko akawakuta wanawake wa lugha yake, wauza tamale na taco, vyakula vya kwao vya unga wa mahindi, wakimwaga mafuta ya kukaangia na kutupa maganda ya mahindi, akayaomba mafuta, akayachuja, akayapika na soda kali yakawa sabuni, akaifunga kwa maganda yale yale na kuwarudishia, nao wakaoshea vyombo na nyingine wakaiuza mezani pao. Karatasi ya jina aliikataa, akasema ni uchafu mwingine, badala yake alibonyeza kila kipande kwa kidole gumba cha kulia, chenye kovu la kuunguzwa na soda lililokikata katikati, nasi tukamtania kwamba anatia dole kama sisi tulipochukua mgao wa chakula kambini.

Juni 2014 walihamia hapa Buffalo, karibu na barabara ya Bailey, na Machi mwaka huu wa 2016 figo zikamwangusha. Kifo hakukiogopa, aliogopa kazi yake kufa, akamsihi Séphora kwa Kiswahili chetu cha Kivu alichojifunza kwetu, donc, yaani basi, sufuria yangu isipoe, lakini Séphora alisema harufu ya mafuta imemchosha, akatoka chumbani, na Jumanne tarehe 11 Oktoba, alfajiri, mama akafariki bila kupata jibu.

Alhamisi Séphora alipika mafuta yaliyobaki, ili tupate sabuni ya kunawa mikono tukitoka makaburini, kama ilivyo desturi yetu, akaikata, akaifungia chumbani, ufunguo akabaki nao. Jana asubuhi tuliingia pamoja, na kila kipande kilikuwa na alama ya kidole gumba, na kovu katikati. Niliona kwa macho yangu, kaka akataka tuitupe yote. Séphora alilia sana, akamwambia mama yake kwamba amekubali, kisha akabonyeza kidole chake kando ya alama ile, kipande kwa kipande.

Leo tulipofungua, alama yenye kovu haikuwepo popote, imebaki ya Séphora peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Bailey waliotupikia tangu Jumanne, na wenzake wa Columbus, ambao wamekuja na ndoo za mafuta ndani ya gari bila kuombwa na mtu. Beseni na sabuni viko mlangoni, tukirudi naweni, msiogope.

Marisela, jibu umelipata, pumzika sasa.