Mama Nakeno, Aliyejenga Mara ya Pili

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Lodwar na ninyi wapangaji mliotoka Kakuma alfajiri ili muwahi, familia imeomba msomewe maisha ya mama yetu, Roseline Nakeno Lokaale, pamoja na yale ambayo mwenyewe hakutaka yafichwe.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Lowarengak, mtoto wa tatu wa mzee Longor, mvuvi, na mama Apua, akasoma shule ya misheni hapo hapo, kisha sekondari Lodwar, alikomaliza mwaka 1980. Januari 1983 aliajiriwa kuwa matroni wa bweni katika shule moja ya wasichana mjini Lodwar, akaifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na mitano, na huko ndiko alikojifunza kwamba watu wengi wakiishi pamoja hugombania kwanza maji, halafu choo, halafu kivuli.

Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na Peter Lokaale, fundi wa pampu za maji, aliyetutangulia mwaka 2016, wakajaliwa watoto watatu, Atiir, Erupe na Akiru, na wajukuu saba.

Mwaka 2004, wakati wa kiangazi, walinunua kiwanja pembeni mwa mji, kando ya mto wa msimu uliokuwa mchanga mtupu, wakajenga vyumba sita vya kupangisha bila kumuuliza jirani yeyote kwa nini mahali pale palikuwa pameachwa wazi. Alasiri ya tarehe 9 Novemba 2006, jua likiwaka Lodwar kama kawaida, maji ya mvua iliyonyesha milimani yalishuka ghafla yakabeba vyumba vinne, na hakufa mtu, kwa sababu Nakeno alikimbia mlango hadi mlango akiwatoa watu, akarudi tena kumchukua bibi mmoja aliyekuwa amelala, wakatoka maji yakiwa kiunoni. Familia zote sita zilikaa nyumbani kwake hadi Krismasi. Kwa mwaka mzima baada ya hapo hakupita njia ile, alizunguka hata akienda sokoni, na alipoulizwa alijibu tu kwamba mto haukumkosea, yeye ndiye aliyeufuata kwake.

Alipostaafu mwaka 2008 wengi walidhani hatajenga tena. Mwaka 2011 alienda Kakuma, akapanga chumba kimoja kama mpangaji yeyote, akakaa humo mwaka mzima, masika na kiangazi, akiwauliza majirani ni nini kinachowachosha, ndipo akanunua kiwanja. Alianza na tangi la maji kabla ya ukuta wowote, akajenga vyumba viwili viwili, asianze vingine mpaka vya kwanza vipate watu, mpaka vikafika kumi. Wenzake waliokuwa wakijenga nyumba kubwa za wafanyakazi wa mashirika ya misaada kwa wakimbizi walimcheka waziwazi, lakini miradi ya mashirika hayo ilipofungwa mwaka 2025 na mageti yao yakabaki na kufuli, vyumba vya Nakeno vilikuwa na walimu, wauguzi, wafanyabiashara, na dada yetu Marie-Claire, mshonaji kutoka Kongo, na kimoja tu ndicho kilichokuwa wazi. Waliomcheka walimwendea mmoja mmoja, naye aliwapa viti, hakuwakumbusha lolote, akawashauri wagawanye nyumba zile ziwe ndogo, watengeneze paa na mifereji kabla ya kupaka rangi, na waweke akiba ya miezi ambayo chumba hukosa mtu.

Mwalimu Esekon, aliyetaka kununua kiwanja chake cha kwanza Lodwar mwezi Februari mwaka huo wa 2025, alimpeleka mama akakione, akitumaini kusifiwa. Mama alikizunguka, akachukua mchanga mkononi, akamwambia, "Mwanangu, rudi hapa mvua ikinyesha, uangalie maji inapita wapi, ndio ununue." Esekon alikasirika, lakini alirudi mwezi Aprili, akakuta kiwanja ni ziwa, akatafuta kingine.

Mama aliugua kisukari kuanzia mwaka 2019, na figo zilipodhoofika alilazwa hospitalini hapa Lodwar tarehe 18 Januari 2026, akaaga dunia Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, watoto wake wote wakiwa karibu. Siku mbili kabla ya hapo Esekon alimletea picha ya vyumba vyake vinne, vimekamilika na vina watu, naye akaitazama kwa muda mrefu, sisi tukingoja baraka.

Akauliza, "Na choo iko wapi?"

Esekon akamweleza kwamba kiko nyuma, mbali na tangi, na mama akafumba macho akitabasamu, na hatukusikia tena neno lake lililo wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia siku hizi zote, matroni wenzake, na Marie-Claire aliyeacha cherehani yake akaja kumwogesha mama wodini. Wapangaji, msikae huko nyuma, sogeeni mbele mkae na familia.

Pumzika sasa, mama, amani ya Bwana iwe nawe.