Mwanga Uliokataa Kuzimika

Benchi lenyewe ni ubao mrefu chini ya dirisha la Lidia, muuza kahawa, uchochoroni Brunswick, Melbourne, hatua chache kutoka maabara. Kila saa nne asubuhi, inyeshe isinyeshe, wanakaa walewale. Mzee Stavros alipanda nguzo za simu miaka arobaini, wanamwita Waya. Noeleen anaendesha tramu, huyo ni Breki. Briony Pascoe ni mhandisi wa mwanga, lakini cheo chake kinaishia mlangoni mwa maabara. Hapa ni Taa tu. Asubuhi hiyo ya Julai, baridi ikiuma masikio, Taa alifika na mwenzake wa kazi, Hoang, aitwaye Gundi kwa kuwa ndiye anayebandika nyuzi za kioo kwenye vidude vyao. Taa hakuketi. Saa nane mchana lori lingekuja kuchukua mashine ya kupimia waliyoazima Sydney, na kidude chao cha mwisho, cha kuuwasha na kuuzima mwanga kwa umeme, kilikuwa hakisikii.

— Hakisikii vipi? — Waya akauliza. — Kipigieni kelele.

— Mzee, leo usinitanie. Tunakipa umeme, mwanga unatikisika kidogo tu, kama mtu aliyeguswa usingizini. Tunataka uwake, uzime, uwake, uzime, mara bilioni mia kwa sekunde!

— Haraka haraka haina baraka, — Breki akasema, akipuliza kahawa yake.

— Breki, haraka ndiyo kazi yenyewe!

— Mimi nauliza, — Waya akasema. — Umeme unauzimaje mwanga ambao wala hautoki kwenye balbu?

Taa akaona heri aeleze kuliko kulia. Akanyoosha vidole viwili.

— Mwanga tunaugawa, unapita njia mbili ndani ya kioo chetu. Njia moja tunaipa umeme, mwanga wa huko unachelewa kidogo. Zikikutana mbele, wimbi la huku linapanda, la kule linashuka, yanauana. Giza. Ukitoa umeme yanafika pamoja. Nuru. Giza na nuru, hayo ndiyo maandishi yenyewe yanayokimbia kwenye nyaya za kioo chini ya bahari.

— Ahaa! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

— Hapo umekaribia, mzee, sijui kwa bahati gani.

— Basi ugonjwa naujua, — Waya akasema kwa fahari. — Posamu, yule mnyama wa usiku wa kwenye miti. Mwaka wa sabini na tisa posamu alitafuna waya wangu, mtaa mzima ukakosa simu siku tatu.

— Kidude ni kidogo kuliko punje ya mchele! Posamu ataingilia wapi?

— Posamu mdogo.

— Acha zako, Waya, — Breki akamkata. — Ni tramu yangu. Nikipita hapo vioo vyote vinalia. Mwanga unaisikia, unashtuka, unasahau njia.

— Tulipima saa tisa alfajiri, tramu zimelala, — Gundi akasema kwa unyonge.

— Basi umezoea! — Waya akapiga goti. — Umeme uleule, kila siku, miezi kumi na minane! Mke wangu ananiita mara sita, unafikiri mimi nageuka? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Hakina guu, mzee, — Gundi akasema.

Kicheko kikamtoka Taa pamoja na machozi, akayafuta kwa mkono wa koti. Vidude vitano vilishatobolewa na umeme uliozidi. Kikishindwa hiki, mradi ungefungwa, na Gundi, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, angekuwa wa kwanza kuondolewa.

Nyuma yao alikuwa amesimama mwanamke mwenye unga mpaka viwikoni, akingoja kahawa. Ni Sefina Leota, Msamoa aliyefungua duka la mikate pale pembeni Jumatatu ya wiki hiyo.

— Samahanini, — akasema. — Mbona kioo cha dirisha langu hakisikii umeme, na hicho chenu kinasikia?

— Chetu chembe zake zina kichwa na mkia, mama, — Taa akamjibu. — Tunazipiga umeme kwanza mpaka zote zielekee upande mmoja. Ukiutoa, zinabaki vilevile. Zisipopangika, hizi zinachelewesha, zile zinawahisha, mwisho wake sifuri.

— Na mlizipanga lini?

— Jumanne.

— Na baada ya hapo mlikifanyia nini?

— Nilikibandika nyuzi zake, nikakitia kwenye oveni gundi ikauke, — Gundi akasema. — Jana. Digrii mia na hamsini, saa moja.

Sefina akakunja uso.

— Mimi najua mikate tu. Lakini kitu nilichokipanga kabla ya oveni, sikitegemei kitoke kama kilivyoingia. Hizo chembe, zilitoka bado zimepangika?

Waya akamtazama Breki, Breki akamtazama Gundi. Gundi akaiweka kahawa yake chini.

— Kioo kile kikipita digrii mia na ishirini kinasahau kila kitu, — Taa akasema polepole. — Nimekuwa nikiwafundisha watu hivyo!

— Mimi ndiye niliyekipika, — Gundi akasema.

— Na mimi ndiye niliyekukabidhi. Twende!

Wakatimua mbio, kahawa zao zikabaki kwenye benchi.

Maabarani Taa aliupandisha umeme volti moja moja kuzipanga chembe upya, Gundi akisoma namba kwa sauti. Walipofika kiwango cha Jumanne wakangoja dakika kumi, ndefu kama mwezi. Kisha akawasha mashine. Kwenye skrini, mistari iliyokuwa imevurugana ikajitenga, ya nuru juu, ya giza chini, katikati pakafunguka uwazi safi ambao mafundi huuita jicho.

— Limefunguka! — Gundi akapiga ukelele. — Taa, limefunguka!

Wakapima kila walichoweza. Lori lilipofika saa nane, mashine ilikuwa tayari kwenye sanduku lake, na Taa alikuwa uchochoroni bila koti, amemkumbatia Sefina, unga umemjaa kifuani.

— Bilioni mia kwa sekunde, mama! Bila kosa hata moja!

— Nilisema mimi, — Waya akadai, ingawa hakuna aliyejua alisema nini.

Sefina alifurahi, lakini jambo moja lilikuwa bado linamsumbua.

— Sasa, mwanangu, huo mwanga ulikuwa unasema nini?

Taa akamgeukia Gundi. Zilikuwa sifuri na moja za kubahatisha, zilizomwagwa tu na mashine.

— Haukuwa unasema kitu, — akakiri.

— Mbio zote hizo, halafu hamna neno?

Lidia akachungulia dirishani kuwaambia kahawa imekwisha, na Sefina akarudi dukani kwake kutoa mikate kwenye oveni.